Mgonjwa Hewa Namba Kumi na Saba

Shangazi yangu alilipwa kukosea. Sitanii. Miaka sita kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya kompyuta na kuandika upuuzi: mgonjwa wa miaka mia tatu, mwanamume mjamzito, mtoto mchanga wa kilo tisini. Mfumo ukikubali, anaandika ripoti. Ukikataa, anatafuta upuuzi mwingine. Kazini walimwita Mama Makosa, naye akaitika kama vile jina kapewa na baba yake.

Kampuni yao inatengeneza mifumo ya majaribio ya dawa. Dawa mpya ikijaribiwa kwa watu, wauguzi wa kila kliniki wanaingiza mle presha, homa, nani katapika, nani kafa. Dawa itapita au itatupwa kwa hayo hayo yaliyoandikwa. Kwa hiyo kabla mgonjwa wa kweli hajaingizwa, lazima mtu mwenye roho ngumu auvuruge mfumo kwanza, halafu atie saini kwamba uko tayari. Mtu huyo ni shangazi.

Wale wa kubuni wanaitwa wagonjwa hewa. Safari hii aliwabuni thelathini. Sasa, mfumo huu hutuma meseji ya kukumbusha miadi, na meseji haijaribiwi bila simu. Sheria inasema tumia simu ya ofisi. Simu ya ofisi ilikuwa na kioo kilichopasuka na laini iliyokufa, na shangazi aliomba laini mpya wiki mbili mpaka akachoka. Akatumia namba ya bibi.

Bibi, mama yake, alifariki mwaka jana. Simu yake iko kwenye kabati la sebuleni, na babu anaichaji kila siku ingawa haipigwi na mtu. Shangazi akaiazima, akamwambia babu anaitaka kwa kazi, basi. Hapo alikosea, na hakulipwa kwa kosa hilo.

Mgonjwa hewa namba kumi na saba akapewa namba ya bibi, umri wa bibi, kilo za bibi. Meseji ikafika vizuri. Kisha shangazi akamwandika "amefariki", kuona mfumo utafanya nini. Kesho yake simu ikalia: usikose miadi yako. Akawaua wengine tisa. Wote wakaitwa kliniki.

Alhamisi akapeleka ripoti kwa bosi. Bosi ni kijana, mwembamba, hodari wa kusema "tusonge mbele". Mfumo ulitakiwa kuanza kazi Jumatatu.

"Mama, meseji tu hiyo. Kwani watakufa wangapi?"

"Si ndiyo tunajaribu dawa tujue?"

"Tia saini, tutarekebisha huko mbele."

"Si meseji tu. Aliyekufa asipotokea, mfumo unafuta kifo chake unamwandika mtoro. Dawa ikiua watu, ripoti itasema wamechoka kuja. Huko mbele kuna watu, mwanangu."

"Mimi si mwanao, mimi bosi wako. Na mkataba wako si unaisha mwezi huu?"

Methali ya ufa na ukuta mnaijua, siirudii. Bosi naye anaijua, na mambo ya ukuta hayamhusu, hatakuwepo. Shangazi alikuwa na siku ishirini na moja za mkataba na kalamu mkononi. Hakutia saini. Akaambiwa akapumzike nyumbani. Akatia saini jirani yake wa meza, ambaye mfumo ule aliuona kwa mbali kama harusi ya watu.

Jumatatu ukawashwa. Kuwafuta wagonjwa hewa kabla ya kuanza ilikuwa kazi ya shangazi, na shangazi alikuwa nyumbani anakunja nguo. Wala hakuna aliyemuuliza. Thelathini wote wakaingia kwenye majaribio ya kweli.

Jumatano, simu ya bibi, iliyokwisha kurudishwa kabatini, ikalia kwa meseji ya miadi. Babu akaisoma mara tatu, akaisogeza mbali na macho, akaisoma tena. Hakumwambia mtu. Alhamisi asubuhi akapiga pasi shati, akachukua cheti cha kifo, akaenda kliniki iliyotajwa.

"Nimekuja kuwaambia hatakuja," akamwambia binti wa mapokezi, akimwonyesha simu.

Binti akatafuta ile namba kwenye kompyuta. "Huku imeandikwa mtoro, mzee. Mara mbili hajatokea. Mwambie ajitahidi."

"Mtoro? Huyu?" Babu akaweka cheti mezani. "Miaka hamsini mimi ndiye nachelewa, yeye ananisubiri mlangoni na mkoba begani."

Binti akasoma cheti. Akasoma kompyuta. Akasema, "Ngoja nimwite mkubwa."

Jioni hiyo shangazi alijua yote, maana babu alirudi, akakaa bila kuvua viatu, akamuuliza swali moja tu: "Ulimwandika mama yako mgonjwa wa nini?"

Ijumaa wakamwita ofisini. Barua ilikuwa tayari: ametumia namba ya mtu halisi kwenye majaribio, kinyume cha utaratibu, kazi basi. Ni kweli, alifanya. Hata mimi nilimwambia usoni kwamba pale alichemka. Lakini ripoti yake haikutajwa hata kwa nusu mstari. Namba kumi na saba alifutwa kwa mkono siku ile ile, ili mzee asirudi tena na cheti chake. Ule ugonjwa wenyewe wa mfumo haukuguswa. Wagonjwa wa kweli wameshaanza kumeza vidonge.

Chini ya barua kulikuwa na mstari wa saini, kuthibitisha ameipokea. Bosi akamsogezea kalamu, akijiandaa kwa ubishi. Shangazi akaikagua barua neno kwa neno, tarehe, namba ya mkataba, nukta, kama kawaida yake. Haikuwa na kosa hata moja. Akatia saini.