Kengele ya Upande Mmoja

Ngoo. Kisha kimya kirefu. Kisha ngoo nyingine.

Zamani Philbert Kalinga alikuwa akiikumbuka sauti hiyo, anacheka peke yake shambani, jembe mkononi. Ilikuwa sauti ya siku ambayo mwanawe Anord, ndevu ndiyo kwanza zinamchomoza, aliachiwa kamba ya kengele agonge ya harusi, naye akagonga ya msiba.

Kigangoni kwao, upande wa Mafinga, wilayani Mufindi, ambako mashamba ya viazi yanakutana na msitu wa mipaini, hata watoto wanaijua tofauti. Kengele ya furaha hugongwa pande mbili. Inabembea, ulimi wake unapiga huku na huku, mlio unaufukuza mlio. Ya msiba ni upande mmoja. Mgongaji anaizuia isibembee, anauachia ulimi upige mara moja, anangoja mlio ufe wenyewe ndani ya ukungu, ndipo anapiga tena. Siku ile Anord aliuogopa uzito wa kengele, akaizuia. Wanawake wa bondeni wakajifunga kanga viunoni na kupanda kilima wakilia. Bibi Devota, aliyetangulia, alifika mlangoni pa kanisa na machozi yake akamkuta bibi harusi ndani ya shela.

"Jamani, nani kafa?"

"Mimi hapa, bibi," bwana harusi akamjibu. "Ndiyo naanza."

Padre mwenyewe alicheka mpaka akaegemea ukuta. Jioni Philbert alimrudisha mwanawe chini ya kengele, akamshika mikono juu ya kamba.

"Ya furaha ikimbize utakavyo. Ya msiba usiikimbize, mwanangu. Mwenye msiba wake hana haraka tena. Acha mlio ufike mpaka unakokwenda, halafu ndiyo utume mwingine."

Anord hakukosea tena. Miaka iliyofuata baba na mwana waligonga kwa zamu, na mtu aliyekuwa kitandani bado aliweza kusema, leo anagonga mzee, leo anagonga kijana, kwa jinsi kamba ilivyovutwa.

Philbert aliipenda kazi ile kwa namna ambayo hakuwahi kumweleza mtu. Alipenda ile nukta kengele inapokuwa imekwenda juu kabisa na kamba imelegea mikononi, kabla uzito haujarudi kumvuta. Alijua kwamba ukungu ukiwa mzito sauti hutambaa chini kama maji, na kwamba asubuhi za Juni, majani yakiwa meupe kwa baridi, inaruka msitu wote na kuwafikia wapasua mbao ng'ambo ya pili. Huko wanavua kofia, msumeno unanyamaza kidogo, kisha kazi inaendelea.

Anord aliondoka na lori la mbao kwenda Makongolosi, akabaki hukohuko kwenye dhahabu. Walimpa kazi ya matimba, yaani zile nguzo zinazouzuia mwamba usiwashukie wachimbaji, kwa kuwa mtu wa Mufindi anaaminika kwa miti. Kisha mvua zikanyesha bila kupumzika, na simu ikaja. Duara lao, lile shimo la kuchimbia, lilikuwa limeporomoka. Wengine walitoka. Anord alibaki chini. Walichimba kumfuata mpaka ardhi ikaanza kuwatishia nao, wakaambiwa waache, na shimo likafukiwa.

Mwili haukuwepo, basi. Kilichobaki ni kengele.

Kigangoni pale hakuna kilio kabla ya kengele. Maiti inaweza kuwa ndani, mama anafunika mdomo kwa kanga, anangoja. Kengele ikishalia anaangua kilio, na majirani wanakuja na kuni na unga. Na ya msiba ikishagongwa hairudishwi, aliyegongewa amekufa.

Philbert alisikia simu ile mpaka mwisho, akaenda kanisani, akaifungua kamba, akaitia kwenye kiroba, akaenda nayo shambani.

Mwalimu Edmund, katekista, alimfuata hukohuko.

"Philbert, kamba iko wapi?"

"Inakauka."

"Tangu lini kamba ya kengele ikaanikwa?"

"Ilinyeshewa, mwalimu."

Edmund alikitazama kiroba, akakitazama kilima, akakaa chini kwenye tuta. "Jumapili, bila kengele, watu wamekuja misa imefika mahubiri. Hilo nimelivumilia. Lakini wanawake wamekaa uani kwako siku zote hizi kama wamefungwa midomo kwa gundi. Mkeo anateketea. Niazime kamba, nigonge mimi, wewe kaa mbali."

"Ukigonga wewe, utakuwa umemuua wewe. Nikigonga mimi, nimemuua mimi. Nani anataka?"

Edmund hakutaka.

Nyumbani Faustina aliacha kula. Alipika, akampakulia mumewe, akakaa pembeni kiganja kikiwa mdomoni, kama mtu anayezuia kikohozi.

"Baba Anord," alisema jioni moja, "hiki kitu kimenikaa hapa kooni. Nitakilia lini?"

"Watu wametolewa mashimoni wazima, Mama Anord. Tumesikia redioni."

"Wametolewa. Wa kwetu wamemfukia."

Philbert alikaa akizisugua sugu za viganja vyake moja moja.

Mgeni aliletwa na bodaboda asubuhi moja ya manyunyu. Alijitaja kuwa ni Zubery, kwao Ilomba, Mbeya mjini, mshirika wa Anord kwenye duara. Alikuwa kijana mrefu mwenye kofia ya kushonwa, tope la safari likiwa mpaka magotini. Alivua viatu mlangoni, akaamkia. "Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Karibu moto," alisema Faustina.

Zubery alikunywa chai nusu kikombe, akakiweka chini. "Nimeona nisipokuja mwenyewe nitakuwa sikumzika rafiki yangu. Nilikuwa juu, mimi ndiye mvuta ndoo. Lilipoporomoka, bomba la kuvutia maji lilibaki limesimama. Tukasikia anagonga kwenye bomba. Tukapiga kelele, tukasema jamaa mzima, tukachimba kama vichaa."

Philbert aliinuka nusu kwenye kigoda. "Aligonga?"

"Aligonga, mzee. Kutwa nzima."

"Aligongaje?"

Zubery hakulielewa swali. Philbert akamsogezea sufuria tupu na kijiko. "Nionyeshe, baba. Alivyogonga yeye."

Kijana akaipiga sufuria mara moja. Akangoja. Mlio uliisha, maji yakawa yanadondoka kwenye bati, na bado akangoja. Kisha akapiga tena.

"Mwanzoni aligonga mbio mbio, kama mtu anayeita. Baadaye ndiyo ikawa hivi. Tukasema amechoka, au anaokoa nguvu. Lakini haikuwa ya mtu aliyechoka, mzee. Ilikuwa sawasawa. Ikaenda hivyo mpaka ikaisha."

Faustina alikuwa ameshika ukuta. Hakuna aliyehitaji kumweleza. Aliishi na kengele ile tangu alipoolewa. Mwanawe alikuwa ameita, akaona hawatamfikia, akajigongea mwenyewe ya upande mmoja huko chini gizani, bila kuikimbiza, juu yake watu wasiojua lugha ya kengele wakidhani amechoka.

Philbert alikwenda uani akachukua kiroba. Wanawake waliokaa pale wakasimama mmoja mmoja, wakamfuata kwa mbali kidogo kupanda kilima cha kanisa, na Zubery akafuata peku kwenye tope.

Aliifunga kamba kwenye kengele taratibu, fundo lake likamkataa mara mbili. Kisha akaizuia kengele kwa mkono wa kushoto, akavuta.

Mlio ulishuka na manyunyu bondeni. Aliungoja ufike. Akavuta tena. Ng'ambo ya msitu msumeno ulinyamaza. Hakuharakisha hata mlio mmoja mpaka alipoiachia kamba.

Faustina alikuwa amesimama chini ya nguzo ya kengele, kiganja kingali mdomoni. Philbert alikwenda, akakishika kile kiganja, akakiondoa polepole.

"Lia sasa," akamwambia. "Lia, Mama Anord."