Mkata Kimio na Mshipa wa Mwanangu

Wifi yangu hakunipenda tangu siku niliyoletwa kwao, na mimi sikujisumbua kumbembeleza. Aliniita Mama Stendi. Alisema mwanamke mwenye akili zake huwa na jiko moja, na mimi majiko yangu yalikuwa yametawanyika kote: Mtera nikinunua samaki, Msalato nikiwapikia vibarua wa uwanja wa ndege, Kibaigwa nikipepeta mahindi ya watu. Yote kweli. Shule niliiacha darasa la tano, na tangu hapo sijawahi kukaa mahali mpaka nikazoeana na mbwa wa jirani. Sisingizii shida. Napenda tu kuona kilichoko mbele.

Kaka yake, baba wa mwanangu, alifariki mapema akatuachia chumba katika nyumba ya familia, Chang'ombe. Mlango wangu unatazamana na wa wifi, katikati kuna ua wenye bomba na kamba ya kuanikia nguo. Tuligombania vyote viwili.

Mwanangu alipotahiriwa akiwa mchanga, kama watoto wote wa kwao Kondoa, damu haikukatika. Kitambaa kikiloa tunabadilisha, na kingine kinaloa. Wifi ndiye aliyekuwa akivifua. Aliinua uso kutoka kwenye beseni akaniuliza, "Umetuletea nini?"

Jibu tulilipata hospitali. Hemofilia. Damu yake imepungukiwa kile kitu kinachoigandisha. Nesi wa kliniki, mama mmoja mkavu asiyecheka, akatueleza kwamba mara nyingi ugonjwa huu hupitia kwa mama. Alikuwa anaeleza tu, bila ubaya. Lakini wifi alikuwa amekaa pembeni yangu, na tangu siku ile alitembea na neno hilo mdomoni kama mswaki. Ndoo ikimwagika, ni mimi. Mvua ikichelewa, nadhani pia ni mimi.

Nilipokuwa Mtera nilizoea kuwatazama wanaume wakiparua samaki. Damu ilianza kuganda juu ya ubao hata kabla samaki hajamalizwa. Niliuliza kila mtu kwa nini inaganda upesi hivyo. Wengi waliniona nimechanganyikiwa. Niliionea wivu damu ya samaki, na sioni aibu kusema hivyo.

Njia ya wifi ilikuwa kumweka mtoto mkekani. Asikimbie, asipande, asishike kisu, asiende dukani. Shangazi atakuletea, shangazi atakufanyia. Mimi sikutaka mtoto wa mkekani. Nilitaka jambo moja tu: siku damu itakapoanza kuvujia ndani ya kiungo na mimi sipo, asimsubiri mtu. Darasa la saba lilikuwa linakaribia kwisha, na baada yake kulikuwa na sekondari ya bweni, ambako hakuna mama wala shangazi.

Sikumfundisha kwa upole. Nilimvizia na maswali kama askari wa barabarani.

"Goti likianza kutekenya kwa ndani?"

"Nakaa, naliinua, naweka barafu, nachoma dawa."

"Hata kama halijavimba?"

"Hasa kama halijavimba."

"Mtu akikupa dawa ya maumivu ya dukani?"

"Nauliza jina la dawa kwanza. Zipo zinazozidisha damu kuvuja."

"Akisema ni nzuri, yeye humsaidia sana?"

"Namwambia ameze yeye."

Nesi alinifundisha mimi kwanza, nikijichoma maji ya chumvi mkononi mwangu mwenyewe, halafu akamfundisha mtoto. Dawa ni unga. Unautilia maji yake, unazungusha kichupa taratibu bila kukitikisa, unafunga mpira juu ya mkono, unatafuta mshipa, unasukuma polepole. Mshipa wake uliokuwa mnene ulikuwa mmoja, wa kiwiko cha kushoto kwa ndani. Alikuwa akiupata, ila hakuwahi kuupata bila mimi kuushika mkono wake. Nikiachia tu, kidole kilikuwa kinacheza.

Wifi alipomwona mara ya kwanza amefunga mpira na sindano i mkononi, alipiga ukunga mpaka majirani wakachungulia. "Teja! Mama Stendi anatulelea teja ndani ya nyumba ya baba yangu!" Na friji lake akatufungia. Alisema hawezi kuweka madawa ya damu karibu na mboga. Kwa hiyo dawa ya mwanangu, ile tuliyopewa kliniki tukae nayo kwa dharura, ilikaa kwenye friji la duka la soda upande wa pili wa barabara, chini ya chupa za machungwa. Kila nilipoifuata nilipita mbele ya dirisha la wifi taratibu, ili anione vizuri.

Kiangazi kile vumbi lilikuwa kali na mtoto akawa anakohoa. Wifi akatoa hukumu: kimio kimerefuka. Kile kinyama kinachoning'inia kooni, kwao kikileta kikohozi kinakatwa, na yupo mzee wa kukikata karibu na soko, mwenye kijiko cha kukandamizia ulimi na kichuma kilichopinda mfano wa mundu.

"Mtoto huyu hakatwi hata kucha bila mimi kujua," nilimwambia.

"Utajuaje, na wewe uko barabarani?"

"Kikohozi ni cha vumbi."

"Umesomea wapi udaktari? Darasa la tano?"

Nilimjibu neno ambalo siliandiki hapa. Kisha nikaenda Mtera, kwa sababu samaki hawasubiri wanawake wamalize ugomvi.

Nilirudi mchana wa siku ya pili, nimekaa juu ya lori na ndoo zangu. Wifi alikuwa amesimama katikati ya ua, mikono kiunoni, khanga imemwanguka begani. Sikupata hata nafasi ya kutua ndoo.

"Mwanao amenidhalilisha!" alisema. "Mbele za watu! Nimemtoa hapa kwa wema wangu, nimempeleka kwa yule babu wa sokoni, tumepanga foleni na wenye watoto wao. Zamu yake ikafika. Babu anamwambia fungua kinywa. Unajua alichofanya?"

"Hakufungua."

"Angekuwa hakufungua tu! Kakaa vizuri kwenye kigoda, kasema, 'Shikamoo babu.' Babu kaitikia marahaba, kafurahi, mtoto ana adabu. Halafu kasema, kwa sauti, watu wote wanasikia: 'Babu, mimi nina hemofilia. Ukinikata damu haikatiki. Nitafia hapa hapa kwenye kigoda chako, na watu watakuuliza wewe, hawatamuuliza shangazi.'"

Nilitua ndoo.

"Na babu?"

"Babu kaweka kichuma chini kama kimemuunguza. Kaniambia, 'Mama, mchukue mtoto wako. Mimi ni mkata kimio, sio mchimba makaburi.' Watu wakacheka! Mimi, nachekwa na wanawake waliobeba watoto wenye kamasi!"

Nilitaka kucheka na mimi, lakini nilikuwa nimeona kwamba mlango wangu umerudishwa na mtoto hakuja kunipokea.

"Yuko wapi?"

Wifi akatazama pembeni. "Nilimvuta mkono nikimtoa pale. Kidogo tu. Kwa hasira."

"Mkono upi?"

Nilisukuma mlango.

Alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, kiwiko cha kushoto juu ya mto, kimefungwa taulo lenye barafu ya dukani. Dawa alikuwa ameshaivusha barabara mwenyewe. Kichupa kilikuwa tayari, unga umeyeyuka, hauna povu. Mpira ulikuwa mapajani. Kiwiko kilikuwa kimeanza kujaa, na mshipa wake mnene, ule mmoja anaoujua, ulikuwa umefunikwa na uvimbe.

"Nipe hiyo sindano," nilisema.

"Hapana."

"Kiwiko hicho hakichomeki."

"Najua. Nachoma mgongo wa kiganja."

"Hujawahi. Mishipa ya hapo inateleza. Lete."

Nilishika mpira. Akauvuta. Kwa muda tuliushikilia wote, kama mimi na wifi tulivyozoea kushikilia kamba ya nguo. Uso wake ulikuwa umekunjwa kwa maumivu, na alinitazama kwa chuki ambayo niliijua vizuri, maana ni ile ile ninayomtazama nayo wifi.

"Mama, ukikaa hapo mkono wangu unatetemeka," alisema. "Nenda nje ukagombane na shangazi."

Nilitoka. Nilirudisha mlango nyuma yangu, nikafanya kama nilivyoambiwa. Nilimwambia wifi kuwa nitampeleka kwa mwenyekiti wa mtaa. Akasema atatangulia yeye, aseme natelekeza mtoto. Akasema, "Umemfundisha hayo ili wewe uzurure!"

"Ndiyo," nikamwambia. "Ili nizurure. Na ili nikifa asikuangukie wewe."

Tulipayuka mpaka duka la soda likatoka nje kututazama. Kisha, sijui ni nani aliyeanza, tuligeukia chumba changu. Tulisimama tukisikiliza ule mlango. Wifi alikuwa ameuma ncha ya khanga. Ndani hapakuwa na sauti yoyote, wala kilio wala "mama". Mguu wangu ulisogea wenyewe kuelekea mlangoni, na wifi akanishika gauni. "Amesema utoke," alinong'ona, kwa ukali.

Alipotoka alikuwa amebana pamba juu ya mgongo wa kiganja. Niliona palikuwa na tundu la pili, pembeni.

"Nilikosa mara moja," alisema. "Ningemaliza zamani kama msingepiga kelele."

Akapita katikati yetu kwenda kunawa.

Kesho yake, kiwiko kikiwa kwenye mkanda wa khanga, alivuka barabara akarudi na maboksi ya dawa yaliyobaki ndani ya mfuko, ameyakumbatia kwa mkono mzima. Hakuja kwangu. Aliingia jikoni kwa shangazi yake bila kubisha hodi, akafungua friji, akahamisha mchicha na nyanya, akapanga maboksi yake. Sisi wawili tulikuwa mlangoni. Wifi alinitazama, akingoja nimkemee mwanangu. Mimi nilikuwa nangoja akemee yeye.

"Shangazi, rafu ya chini ni ya dawa zangu," alisema. "Usiziguse."

Akafunga friji.

"Na wewe pia, mama."