Shawa ya Mkwe

Mteja akiingia dukani kwangu Kalangalala akaomba shawa, simuulizi rangi wala umbo. Namuuliza kwanza: maji yako ya moto yanatoka wapi? Wengine wanakasirika. Wamekuja kununua, mimi nawahoji kama polisi. Lakini siuzi mpaka nijibiwe. Mwenye hita ya umeme ana shawa yake. Mwenye sola juu ya bati, inayolishwa na tangi, ana yake nyingine, ndogo, yenye matundu machache, kwa sababu maji yanayoshuka kwa uzito wake yenyewe hayana nguvu. Ukiyafungulia mdomo mpana kama sinia yanadondoka tone hapa, tone pale, na wewe umesimama katikati na povu lako kichwani.

Kuna nyumba nyingi Geita zinaoga vizuri kwa maneno yangu haya. Mama yangu mzazi alioga maji ya baridi nyumbani kwangu. Mfinyanzi hulia gaeni, wanasema. Sawa, ila mfinyanzi gae lake hulichagua mwenyewe. Mimi nilichaguliwa.

Mama alitoka Kishapu kwa sababu ya vidole. Baridi yabisi ilikuwa imemkunja mikono, na daktari wa Shinyanga akamwambia kila asubuhi amwagiwe maji ya moto mabegani na mikononi mpaka viungo vilegee. Hakuweza tena kuinua ndoo wala kushika kopo. Mke wa mdogo wangu, anayeishi naye, akamwambia kwa wema kabisa, "Mayu, nitakuogesha mimi." Mayu ni mama, kwa Kisukuma. Mama akanipigia simu siku ileile.

"Nakuja kwako," alisema. "Nilizaa watoto, sikuzaa wa kuniogesha."

Hicho ndicho alichokitaka kwangu, hakutaka kingine. Bafu lenye mlango wa kufunga, kigoda cha kukalia, koki ya kuzungusha kwa kiganja, na maji ya moto yanayomshukia bila mkono wa mtu. Mimi nauza vitu hivyo. Nilimwambia, njoo mama, hilo ni dogo.

Bafu la ndani lisingefaa hata lingejengwa kwa dhahabu. Mama wa Kisukuma haogi pale anapooga mume wa bintiye. Hao wawili wanaheshimiana kwa mbali: hawaketi mkeka mmoja, hawatazamani machoni, na mambo ya mwili hayatajwi kati yao hata kwa fumbo. Kwa hiyo tukajenga bafu la uani, na mume wangu alikubali kwa moyo mweupe. Hilo nampa, sitamnyima haki yake. Alisimamia matofali mwenyewe.

Tatizo lilikuja kwenye shawa. Mume wangu ni dalali wa dhahabu, na mwezi ule duara moja, yaani shimo la machimbo, alimokuwa na hisa lilikuwa limetema dhahabu. Duara likitema, mwanaume wa Geita haulizi, ananunua. Akaenda Mwanza na kurudi na boksi. Ndani yake mlikuwa na shawa ya mraba, pana, inayong'aa mpaka unajiona meno, pamoja na mikisa yake, lile bomba la kuchanganyia maji ya moto na ya baridi.

Nilimwambia haitafanya kazi. Nilimchorea hadi mchangani. Maji yetu ya moto yanatoka kwenye sola, na tangi linaloilisha liko juu ya kijukwaa kifupi, hayana presha. Ya baridi yeye alitaka kuyaunganisha moja kwa moja na bomba la mjini, na hilo lina nguvu. Yakikutana kwenye mikisa, ya baridi yanayasukuma ya moto yarudi yalikotoka. Ukifunga ya baridi kabisa, unabaki na matone ya kuunguza. Niliomba tuweke shawa ndogo ya dukani kwangu, na maji yote mawili yatoke kwenye tangi, yawe na nguvu sawa.

"Mama mkwe wangu nimwekee kashawa ka gesti?" akasema. "Ndugu zako wakija wataona nini?"

"Wataona mama yao anaoga."

Akacheka. "Wewe uza nati, mama watoto. Heshima ya wakwe niachie mimi."

Akaifunga na fundi wake mimi nikiwa dukani. Jioni ya siku ya pili akaja uani, akasimama mbali, macho ameyaelekeza kwenye mpapai.

"Shikamoo mayu. Maji yanatoka vizuri?"

"Marahaba baba," mama akajibu akitazama chini. "Mazuri mno. Mungu akuongezee."

Mume wangu akanitupia jicho. Kwa wiki nzima aliwasimulia watu hata wasiomuuliza, jinsi mkwewe anavyonyeshewa mvua ya moto kama yuko hotelini. Nami kila asubuhi nilimuuliza mama, na kila asubuhi alinijibu kwamba maji ni moto, niende zangu kazini. Lakini vidole havikufunguka. Vilizidi kukunjika, mpaka akaanza kula ugali kwa kuubana kati ya viganja viwili.

Nikajua asubuhi moja ya kipupwe, niliporudi nyumbani kufuata funguo za stoo. Mama alikuwa anatoka bafuni, midomo inamtetemeka. Nikaingia. Hakukuwa na mvuke hata wa kudanganyia. Nikafungua koki, maji ya baridi yakanichapa. Nikafunga ya baridi, yakabaki matone, na yaliponidondokea mkononi niliruka. Nilipotoka nikamwangalia mama vizuri, kanga ilipoachia bega. Alikuwa na madoa madogo mekundu, mengine mapya, mengine yameanza kukauka. Alikuwa amejaribu. Akishindwa na matone, anarudi kwenye baridi.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu siku ya kwanza. Punguza sauti, mkwe atasikia."

"Asikie. Mimi nina shawa dukani, leo hiihii naibadilisha."

"Kitu cha mkwe unakirudishaje?" akaniuliza, na kwa kweli alitaka kujua. "Nikamwambie nini, kwamba navua nguo nasikia baridi? Mtu anaongeaje na mkwe habari za kuoga?"

Usiku ule nilimweleza mume wangu kila kitu. Sikumtukana, na Mungu anajua nilitaka. Asubuhi, badala ya kwenda kufungua koki aone mwenyewe, akaenda kusimama palepale pake, akautazama mpapai.

"Shikamoo mayu. Nasikia maji yana shida."

"Marahaba baba. Hayana shida. Huyu mtoto ana maneno tu, tangu utotoni."

Basi yakaisha. Mume wangu akaondoka akipiga mluzi, na mama akanitazama kwa macho ya kuniomba. Niliumia kuliko nilivyowahi kuumia katika nyumba ile. Wawili wale walikuwa wanapeana heshima, na aliyekuwa anailipia kwa ngozi yake alikuwa mmoja tu.

Nikangoja mume wangu asafiri kwenda machimboni, nikaita fundi bomba. Kazi ya nusu siku. Alifungua lile sinia akaliweka chini uani, akaunganisha maji yote kwenye tangi, akafunga shawa ndogo nyeupe. Nikafungua koki. Maji yakatoka moto, laini, yameshikana, ya kumtosha mama na vidole vyake. Nilimwita aje ayaguse. Alikuja mpaka mlangoni, akanyoosha mkono, maji yakampita juu ya viungo. Akafumba macho kidogo.

"Kesho asubuhi," akasema.

Mume wangu alirudi jioni ileile, kabla hatujamtarajia. Akaikuta shawa yake chini, karibu na kopo la maji ya kuku. Mama alikuwa amekaa kibarazani. Mume wangu akaiokota, akaifuta kwa shati lake, na bila kumgeukia mtu akasema, "Kumbe muda wote nilikuwa nashukuriwa kwa uongo." Hakupaza sauti wala hakumtaja mtu. Akaingia ndani.

Mama alisikia. Alfajiri nilimkuta ameshafunga mzigo wake, amefunga na kilemba. Hakuoga. Nilimsihi aoge tu, mara moja, kisha nimsindikize kituoni. Akasema mtu aliyemvua nguo mkwewe mbele za watu hawezi kuvua zake kwenye bafu lake. Bafu liko tayari, maji yako moto, na yeye akaondoka Geita na vumbi la jana mwilini.

Ile ya mraba mume wangu aliifunga bafuni kwake, huko nako inadondoka vilevile, na hajawahi kulalamika. Bafu la uani tunafulia mapazia.

Mwezi uliopita nilikwenda Kishapu. Mikono ya mama sasa ni ngumi mbili zisizofunguka. Mke wa mdogo wangu alikuwa mnadani, kwa hiyo zamu ilikuwa yangu. Nilichemsha maji, nikayapooza, nikambeba mpaka nyuma ya nyumba, nikamkalisha kwenye kigoda. Jirani alipita nje ya ua akatusalimu, mama akamwambia kwa sauti, "Huyu ndiye binti yangu wa Geita. Mume wake alinijengea bafu, ee, maji moto yanashuka yenyewe."

Jirani akasifu, akapita. Nikaanza kumvua kanga. Akanizuia kwa zile ngumi zake, akanisukuma kidogo kifuani.

"Fumba macho," akaniambia.

Nikafumba. Nikamwogesha mama yangu hivyo hivyo, kwa kupapasa.