Kifua cha Nafuna

Dismas hakuvuta sigara ndani ya stoo ya kahawa hata siku moja, wala hakumruhusu mwingine avute. Aliisimamia stoo hiyo miaka kumi na mmoja, katika shamba moja karibu na Ruiru. Kahawa iliyokauka hunyonya harufu upesi. Gunia likikaa penye moshi, waonjaji wa Nairobi hulikataa kwa kijiko kimoja. Kwa hiyo aliwanusa wapakiaji mikono mlangoni.

"Rudi bombani, Githinji," alimwambia mmoja mbele ya wenzake. "Unanuka kama jiko la nyanya yako."

Watu wakacheka. Githinji akaenda kunawa.

Jioni Dismas huyohuyo alirudi laini, kwenye safu za vyumba vya wafanyakazi, katika chumba kimoja alichoishi na mkewe Benta na binti yao Nafuna, akaketi kitandani na kuwasha sigara. Ilikuwa Julai 1956, na dirisha lilikuwa limezibwa kwa gunia kuzuia baridi. Nafuna alikuwa na miaka mitatu, na kifua chake kilipiga filimbi tangu akinyonya. Dresa, mganga msaidizi wa zahanati, alikuwa amemwambia Benta waziwazi kwamba mtoto huyu asikae penye moshi.

"Baba Nafuna, si uvutie nje?"

"Nje kuna baridi."

"Stoo unashinda kutwa bila kuvuta na hufi. Kahawa ya mzungu unaihurumia, damu yako je?"

Dismas akacheka. "Kahawa ikinuka, nafukuzwa kazi. Nafuna akikohoa, nani atanifukuza?"

Benta alimbeba mtoto mgongoni akatoka naye uani. Baridi ikamzidi, akamrudisha ndani, na ndani sigara ya pili ilikuwa imeshawashwa. Ikawa hivyo jioni baada ya jioni.

Nimewasikia wanaomtetea: eti alichoka, eti hakusoma, eti siku hizo hakuna aliyejua. Alijua. Katika shamba lile zima hakuna aliyejua kumshinda jinsi moshi unavyoingia ndani ya kitu na kukaa humo. Na majirani, waliojaa kanisani kila Jumapili, walisikia kikohozi kile kupitia ukutani wakasema nyumba ya mtu ni yake. Hao nao siwasamehe.

Nafuna alikufa kwa nimonia tarehe 29 mwezi huo. Alikuwa na miaka mitatu na miezi minne.