Mule Ndani Muko Nani?

Mwanangu, nakumbuka Jumapili moja baada ya misa, hapa Kolwezi, nikiwa bado kijana. Jirani yetu Mama Ngalula, mjane wa mfanyakazi wa mgodi kutoka Kasai, alikuwa na mashine ya mchezo ya zamani aliyoletewa na mwanawe. Unachomeka kaseti, na kwenye televisheni linatokea jitu refu kupita maghorofa. Kazi yako ni kupanda majumba na kuyapiga ngumi mpaka yaporomoke.

Nilikuwa nayaporomosha kwa raha. Mama Ngalula akaacha bukari, ugali wetu, jikoni, akaja kukaa kando yangu.

"Mule mu manyumba muko batu?"

"Hapana, mama. Ni matupu."

"Uliangaria muzuri?"

Nikausimamisha mchezo ili nimwonyeshe. Ndipo nikaona dirishani kichwa kidogo, na mkono umeinuliwa. Nilikuwa nimecheza miezi mingi sijamwona. Mama hakunikaripia. Alisogelea kioo, akauliza polepole, "Huyu jina yake nani?" Tukamtafuta mwingine, na mwingine, mpaka bukari ikapoa.

Miaka ikapita, nikawa mkubwa wa mtaa. Vijana wachimbaji wakaja kwangu. Walikuwa wamesikia kuna kobalti chini ya mtaa wetu. Walitaka ruhusa ya kuchimba nyuma ya nyumba ya jirani aliyekwenda Fungurume kununua bidhaa.

"Hamuna mutu, tata," akasema kiongozi wao, Mwamba, akiniita baba.

"Muliangaria?"

Tukaenda, tukagonga, kimya. Mwamba alikwisha kushika sululu. Mimi nikazunguka, nikachungulia dirishani. Kitandani, kando ya ukuta wa nyuma, palepale walipotaka kuchimba, alilala mama mzazi wa jirani, kiziwi, aliyefika jana yake kutoka Kisenge. Hakuna aliyejua.

Mwamba naye akachungulia. Akaweka sululu chini, akakaa mchangani.

"Tata, ile ukuta ingemuangukia."

Hawakuchimba pale. Jioni nilimkuta Mwamba akimtekea yule bibi maji, akijaribu kumwuliza kwa mikono jina lake ni nani.

Mwanangu, utaambiwa mara nyingi kwamba mahali fulani hakuna mtu. Anayekuambia huenda si mwongo, hajatazama tu. Wewe tazama kwanza, ndipo unyanyue mkono. Na ukishamwona mtu, mwulize jina lake. Mungu akupe macho yasiyochoka kutafuta, na kila mahali utakapolala pawe na mtu anayejua kuwa upo.