Kamba Juu ya Jiko

Niliwahi kupika kamba za upinde wa mume wangu. Nilizitia kitunguu, tangawizi na ndimu, na mwenyewe akazinywa akaomba nimwongeze. Naliweka hili mbele mapema, asije mtu akadhani anasoma habari za mwanamke mwenye akili.

Tulikuwa tumepanga Temeke, miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, mafriji na maredio yanashushwa bandarini kila kukicha. Kiwanda cha nguo alichokuwa akifanyia kazi mume wangu kilianza kupunguza watu, naye akapunguzwa. Akapata kazi ya ulinzi kwenye ghala moja huko Kipawa, zamu ya usiku, analinda televisheni za watu kwa upinde na mishale. Msicheke. Bunduki zilikuwa ghali, na bosi wao alishagundua kwamba mwizi hubishana na rungu ila mshale habishani nao. Mume wangu Mnyamwezi wa Tabora, upinde kaushika tangu hajaota meno ya mbele mara ya pili, basi pale kazini akawa mtu wa kutajwa.

Mie sikufurahi hata kidogo. Mie ni Mzaramo wa ndani. Nilisoma mpaka kidato cha nne na jiografia nilifaulu, lakini miji yote niliyoijua ilikuwa kwenye ramani, na hata Kariakoo nikitumwa nilikuwa naaga kama naenda Hija. Nilichokuwa nakitaka duniani ni kitu kimoja, mume wangu alale nyumbani. Tulikuwa tunapokezana kitanda kama wafanyakazi wa bandari. Mie naamka, yeye anaingia, shuka bado la moto.

Kampuni ikatangaza mashindano ya kulenga shabaha kwa walinzi wake wote, Jumamosi, kwenye kiwanja kimoja huko Kawe. Atakayeshinda atafanywa msimamizi wa zamu ya mchana. Mume wangu aliponiambia, nilihesabu ushindi umeshapatikana. Nikaanza hata kuwaza tuhamishe kitanda kwenye ukuta wa pili.

Wiki nzima ile alikuwa akitoka kazini analala kidogo, kisha anakaa ukumbini kwenye mkeka na vifaa vyake. Alikuwa na mkoba wa turubai wa mitumba, sijui Mzungu gani aliuchezea mchezo gani. Humo alikuwa anatia mishale ya akiba, manyoya ya kanga, bonge la nta ya nyuki, tupa ya kunolea, kisu kidogo, uzi, na kipande cha ngozi ya kiatu kikuukuu cha kukinga mkono kamba inapochapa. Nilimuuliza kwa nini abebe karakana nzima ilhali anakwenda kurusha mishale tu.

"Upinde haukwambii lini utaharibika," alinijibu. "Mtu akienda na kamba moja, huyo kaenda kutazama wenzie."

Jirani yetu wa chumba cha mbele, Mzaramo mwenzangu, kwa hiyo mtani wa Mnyamwezi wangu, alikuwa anapita na ndoo.

"Mtani, na mimi nitie humo mkobani," akamwambia. "Ukishindwa nikusaidie kulia."

"Wewe hutoshi, mtani. Mdomo tu umeshajaza mkoba."

Sasa hizo kamba. Siku moja alirudi asubuhi na kifurushi kutoka buchani. Nikauliza nini, akasema kano za ng'ombe, akapitiliza. Nilipotoka kisimani nikakuta kazichana, kazisokota, kazitundika kwenye msumari juu ya jiko zipigwe na moshi. Sie watu wa pwani tuna neno letu kuhusu watu wa bara, kwamba hawa kila kitu wanakausha. Nikajisemea, ndiyo nyama yao hiyo. Sikuuliza. Mtu wa kidato cha nne haulizi mambo ya jikoni.

Alhamisi asubuhi nikaona nimtengenezee mwanamume supu ya nguvu. Nikazishusha, nikaziloweka, nikazichemsha mchana kutwa kwa mkaa wa haja. Zilikuwa ngumu, nikadhani ng'ombe mzee. Mwisho zikalainika, supu ikawa nzito inanata midomoni. Akanywa bakuli, akanywa la pili.

"Supu ya leo inashika mpaka magotini," alisema.

Akavaa koti la kazi, akafika mlangoni, ndipo akageuka. "Mama, zile kamba mbili juu ya jiko usisahau kuzitia mkobani. Ndiyo akiba yangu."

Nikasema haya. Nilisema haya kwa sauti nzuri kabisa. Alipoondoka nikainua macho kwenye ule msumari, kisha nikayashusha kwenye sufuria.

Ijumaa alikuwa amelala chumbani mchana wote, anajiwekea nguvu za kesho. Ningeweza kumwamsha. Niliingia mara nyingi nikasimama pale na mdomo wazi, namtazama anavyokoroma, natoka. Badala yake nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya kwa hiari yangu, nikaenda sokoni Tandika peke yangu. Nikanunua mshipi wa kuvulia samaki, nikausokota mara tatu kama nilivyomwona yeye anasokota, nikauchovya kwenye chai ya rangi upate weusi, nikaupaka nta. Nikatengeneza mbili. Zilipendeza, wallahi. Nikazikunja nikazitia mkobani, chini ya manyoya ya kanga, na nikaona nimemaliza.

Jumamosi alfajiri alipita nyumbani na mwenzake mmoja wa lindo, Mnyamwezi mwenzie, naye kabeba upinde na mkoba wake. Nikawapa chai. Mume wangu akauinua mkoba, akaupima uzito kwa mkono. "Vyote vimo?"

"Vyote."

Kutwa ile sikutulia. Nilifua nguo zilizokuwa safi. Nilichokuwa naomba ni kamba yake ya upindeni isikatike, basi. Nilikuwa namwomba Mungu ashughulikie kitu ambacho ningekimaliza kwa sentensi moja.

Alirudi jua limeshapoa. Akaweka mkoba, akakaa mkekani, akavua viatu.

"Kamba imekatika," alisema. "Mzunguko wa mwisho, tumebaki watatu. Nikafungua mkoba, mwamuzi kasimama juu yangu ananiharakisha. Nikafunga ile uliyonitilia. Inavutika kama mpira wa baiskeli. Mshale unatoka umechoka, unatua mbele ya shabaha kama kuku anayetaka kutaga." Akanusa vidole. "Chai?"

Nikamwambia yote, na supu nikamwambia. Akavinusa vidole tena. Kisha tumbo lake likaanza kutikisika, akacheka mpaka akalala chali.

"Kumbe ndiyo maana magoti!"

Nilitamani anigombeze. Niliwahi kufikiri kufunga mkoba wa mtu ni kujaza nafasi tu, kila kitu kikae mahali pake, zipu ifunge. Sikuwa nimeelewa kwamba akiba ni neno la mtu. Yule anayekwenda anasimama kule mbali anatia mkono ndani bila kutazama, kwa sababu kuna mtu nyumbani kasema vimo. Mie ninayeogopa kutoka, hiyo ndiyo ilikuwa safari yangu pekee, na nilimpeleka nusu njia.

Alioga, akala, akavaa koti la kazi. Zamu ilikuwa palepale. Nilimsindikiza hadi barazani, jirani amekaa anachambua mchele, kuta zetu hazifiki juu kwa hiyo kila kitu alishakisikia. Nikamweleza hata hivyo, nikitegemea angalau aseme pole, au bahati mbaya. Akapuliza pumba, akaniangalia.

"Yule mwenzie aliyekunywa chai humu ndani ana kamba tele mkobani. Ungesema asubuhi ile angemwazima, na leo mumeo angelala kwako. Hukusema. Sasa nenda kalale na huo mshipi wako."