Mwamuzi wa Mwanasha

Mwanasha hakujua kukaa. Alionja mchuzi huku akienda kufungua mlango, na ukimbembeleza ale, alikula amesimama. Mimi Lusia, mpishi wake pale Kilwa Kivinje, nilichoka kwa kumtazama tu.

Miaka ya mwanzo ya Uhuru alifungua hoteli ya vyumba vinne kwa jina la mwenziwe. Jina hilo, Karibu Tena, lilikuwa la Eusebio wa Lindi, ambaye wasafiri wote wa kusini walimjua kwa pilau na shuka safi. Walikubaliana: Mwanasha atumie jina na kibao, apike na kutandika kama Lindi, Eusebio apate sehemu yake, na jina asimpe mtu mwingine. Wakigombana wasiende mahakamani. Kila mmoja achague mwamuzi, wawili hao wasikilize, na watakaloafikiana liwe la mwisho.

Basi Mwanasha na miguu yake isiyotulia, akampa binti yake jina lile akafungue hoteli Kilwa Masoko. Hakumuuliza mtu. Eusebio alipopata habari alikuja amevimba kwa hasira, akataka kibao chake. Nikaingiwa na hofu, maana abiria wa basi walishuka kwetu kwa ajili ya jina, si kwa uzuri wa sura zetu. Bila kibao tungekula vya kwetu wenyewe.

"Mimi namchagua kaka yangu Kondo," Mwanasha alisema upesi.

Eusebio alimtaja Evaristo, fundi cherehani. Watu wakamnong'oneza kwamba Kondo na Mwanasha ni tumbo moja, amkatae. "Kondo namjua," alijibu. "Sina neno."

Maneno hayo hayakunikaa vizuri. Lakini Mwanasha alinifuata jikoni anacheka. "Lusia, tumeshashinda."

Siku ya kusikilizwa, Kondo ndiye aliyekuwa mkali.

"Uliahidi kutompa mtu jina?"

"Niliahidi, kaka, lakini yule ni mwanangu."

"Mwanao si mtu?"

Evaristo akaficha kicheko.

Walipojifungia kuamua, Mwanasha aliosha sahani zilizokwisha kuoshwa. Akafagia ua, akaukuta safi, akafagia tena. Nikamwambia, "Kaa basi, dada," akanitazama kama nimemtukana.

Mwishowe walitoka, na Kondo akasema, "Ahadi ni deni. Kibao kirudi Lindi, na cha Masoko kishuke." Wakampa mwezi mmoja wa kujipanga, na aliyeuomba ni Evaristo, mtu wa Eusebio!

"Kaka, si mimi niliyekuchagua?"

"Ulinichagua nisikilize, dada. Nimesikiliza."

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema Mwanasha. Hakuusubiri huo mwezi. Alipanda kiti akakishusha kibao mwenyewe. Nami nilimchukia Kondo, sifichi.

Basi la abiria likawa linatupita bila kusimama. Tulikaanga maandazi, tukauza barazani, tukaishi hivyo hivyo. Lakini nyumbani kwa Kondo Mwanasha hakukanyaga tena, na wakikutana msibani alimgeuzia mgongo.

Miaka ikaenda, ikaja amri ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Tulihamishwa, na mikorosho yake ikabaki nyuma, kwenye shamba la marehemu mumewe. Hiyo ndiyo iliyokuwa imebaki kumlisha. Msimu ulipofika, jirani yake wa shamba, Ismaili, akaiokota korosho yote, akidai mikorosho iko upande wake wa mpaka. Wazee wakasema kila mmoja amtaje mwamuzi. Ismaili alimtaja shemeji yake, mtu anayejulikana kwa kelele.

Mwanasha alizunguka ua hata kuku wakamkimbia. Nikamhimiza amchague mpwa wake, kijana mwenye mdomo, atakayemtetea mpaka kesho.

Akasimama ghafla.

"Niitieni Kondo," akasema.

Kisha akavuta mkeka, akakaa chini, akasubiri.